Siku saba za vuli: Berlin, Potsdam, Oranienburg na Lübbenau

Kabla ya safari

Mpango huu ulianzia kwa baba yangu mdogo, mwalimu mstaafu wa historia aliyezaliwa na kukulia Lindi, ambaye siku moja baada ya chakula cha mchana alisema kwamba kabla magoti yake hayajamkatalia kabisa angependa kwenda kumwona "yule mnyama wetu" aliyesimamishwa Berlin. Kwa miaka mingi aliwafundisha watoto habari za Tendaguru, kilima kilichoko ndani ya mkoa wake mwenyewe, bila kuwahi kuiona mifupa ya dinosaria iliyochimbwa pale. Mimi nilikuwa na likizo ya wiki moja mwishoni mwa Oktoba, na wiki hiyo ndiyo ikawa mipaka yetu.

Kamusi zetu huuita msimu huo vuli, ingawa vuli yetu ni ya mvua na vuli yao ni ya majani yanayopukutika. Watu huwa wamepungua katika makumbusho na majumba ya kifalme, lakini mchana nao huwa umefupika, na jambo hilo la pili ndilo lililonifanya nibadilishe namna ya kupanga. Badala ya kuanza na orodha ya mahali tunapotamani kufika, nilianza na orodha ya siku ambazo mahali hapo hufungwa. Makumbusho ya Sayansi Asilia ya Berlin hufungwa Jumatatu, na kasri la Sanssouci la Potsdam hufungwa siku hiyo hiyo. Maduka karibu yote hufungwa Jumapili. Tarehe 31 Oktoba, Siku ya Matengenezo ya Kanisa, ni sikukuu katika jimbo la Brandenburg lakini si sikukuu Berlin, ingawa Brandenburg imeizunguka Berlin pande zote. Mtu anaweza kuondoka mjini maduka yakiwa wazi na baada ya saa moja akashuka katika mji ambao kila mlango umefungwa. Nilipokwisha kuyaandika hayo, nusu ya ratiba ilikuwa imejipanga yenyewe.

Nusu ya pili ilitokana na ramani ya reli. Niliona kwamba karibu kila tulichokitaka kiko kwenye njia tatu zinazokutana katika stesheni moja, Friedrichstraße: treni ya mjini S1 inayokwenda Oranienburg, S7 inayokwenda Potsdam, na treni ya chini ya ardhi U6 inayopita kwenye makumbusho na kuendelea hadi Mtaa wa Kiafrika. Kwa hiyo nilitafuta chumba karibu na Oranienburger Tor, kituo kimoja tu kutoka hapo, nikakubali kiwe kidogo kuliko vile tulivyoweza kupata pembeni mwa mji kwa bei ileile. Kwa mtu mwenye magoti mabovu, kupunguza kubadilisha treni ni bora kuliko upana wa chumba.

Maombi ya viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na hayapaswi kuchelewa kuliko siku 15 kabla. Ada yake kwa mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari ni lazima ifikie euro 30,000. Tulipeleka yetu mapema mwezi Agosti, tukaambatanisha ratiba ya siku kwa siku.

Kulikuwa na jambo moja nililolifuta kwa uchungu. Baba mdogo alitaka pia kwenda Hamburg, kwenye makaburi ya Ohlsdorf alikozikwa Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar. Kwenda na kurudi kungekula siku nzima ya treni za mwendo mrefu, nami nilikuwa nimejiwekea sharti kwamba kila siku iwe na jambo kubwa moja na dogo moja lililo jirani yake, na kwamba turudi chumbani kabla giza halijakolea. Alinisikiliza, kisha akasema, "Sawa, mwanangu, wewe ndiye nahodha," lakini niliona kwamba hakuridhika.

Jumamosi, 25 Oktoba 2025

Tulibadilisha ndege njiani, kwa kuwa hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Dar es Salaam, tukatua mchana. Uwanja wa ndege uko kanda C ya nauli, nje ya mji. Potsdam na Oranienburg ziko kanda hiyo hiyo, wakati mji wenyewe ni kanda A na B. Katika stesheni hakuna vizuizi vya kukagua tiketi: unanunua, unaigonga muhuri kwenye kimashine kidogo kilichoko jukwaani, unapanda. Asiyeigonga huhesabiwa kuwa hana tiketi, na faini yake ni euro 60. Sisi tulikuwa tumeketi tayari ndani ya treni iliyosimama pale baba mdogo alipouliza mbona tiketi zetu hazina alama yoyote, nikashuka mbio kuzigonga. Ni yeye aliyeliona jambo hilo, ingawa ni mimi niliyelisoma mara tatu nyumbani.

Jioni tulinunua mkate, jibini, matunda na maji ya siku mbili, kwa sababu ya kesho.

Jumapili, 26 Oktoba

Usiku huu saa zilirudishwa nyuma: ilipofika saa tisa usiku ikawa tena saa nane. Tulilala tukiwa nyuma ya nyumbani kwa saa moja, tukaamka tukiwa nyuma kwa saa mbili, na jua lililochomoza kiasi cha saa moja kasoro dakika kumi lingezama saa kumi na moja kasorobo. Anayepanga safari ya wiki ya mwisho wa Oktoba inampasa auone usiku huu kwenye kalenda mapema, kwa maana saa nzima ya mwanga wa jioni huondoka kwa mkupuo.

Siku ya maduka kufungwa tuliitumia kwa mambo yasiyofungwa. Tulianza na kuba la kioo lililo juu ya jengo la Bunge, kazi ya msanifu Norman Foster iliyokamilika mwaka 1999. Kuingia ni bure, lakini ni lazima kujiandikisha mapema na kwenda na pasipoti. Lifti humpandisha mtu hadi kwenye paa, kisha ujia wenye mteremko mpole huzunguka ndani ya kuba hadi juu. Baba mdogo aliupanda pole pole bila kulalamika hata mara moja. Kutoka pale tuliiona bustani ya Tiergarten ikiwa ya manjano na kahawia kama mkeka uliofumwa kwa ukindu wa rangi.

Kisha tukatembea hadi Wilhelmstraße. Jumba lilimofanyika Kongamano la Berlin, kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885, halipo tena. Pana kibao cha kumbukumbu kando ya njia, mbele ya majengo ya kawaida ya makazi yenye mapazia madirishani. Baba mdogo alisimama pale kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Alisema kwamba darasani alizoea kuchora ubaoni meza kubwa na wanaume walioizunguka, na wanafunzi wakamwuliza kila mwaka Mwafrika alikaa upande gani, naye akawajibu kila mwaka kwamba hakuwapo hata mmoja. "Nilidhani nitaona hata ukuta," alisema. Siku moja tu baada ya kongamano kufungwa, tarehe 27 Februari, Carl Peters alipewa hati ya ulinzi ya Kaizari kwa maeneo aliyojitwalia kule kwetu bara. Jina lake tungekutana nalo tena kesho yake.

Jumatatu, 27 Oktoba

Siku ya makumbusho kufungwa. Tulipanda U6 hadi kituo cha Afrikanische Straße, katika mitaa ya Wedding, ambako kuna Sansibarstraße, Ugandastraße, Togostraße, Usambarastraße na Tangastraße. Majina mengi ya mitaa hii yalitolewa kwa fahari ya ukoloni, na mengine yamekwisha kubadilishwa baada ya miaka mingi ya mabishano. Barabara iliyoitwa Petersallee, hapo awali kwa jina la Carl Peters, iligawanywa mwaka 2024, kipande kimoja kikaitwa Anna-Mungunda-Allee kwa heshima ya mwanamke aliyeuawa Windhoek mwaka 1959, na kingine kikaitwa Maji-Maji-Allee.

Hapa sina budi kusema nilivyoona. Nilikuwa nimeiweka ziara hii siku ya Jumatatu kwa sababu tu kila kitu kingine kilikuwa kimefungwa, kama mtu anayejaza nafasi iliyobaki. Lakini kumwona mzee wa Kimwera, ambaye bibi yake alikuwa akisimulia njaa iliyofuata Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, amesimama chini ya kibao cha mtaa kilichoandikwa maneno ya maji yaliyotegemewa kuzigeuza risasi, katika mji zilikotoka amri za kuteketeza mashamba, kulinifanya nione haya kwa kuiita siku hiyo ya kujazia. Aliniomba nimpige picha, akavua kofia kwanza.

Mchana tuliingia bustani ya Rehberge iliyo jirani, tukakaa kwenye benchi na kula mkate wetu huku majani yakituangukia.

Jumanne, 28 Oktoba: Potsdam

S7 hufika Potsdam kwa dakika zipatazo 40, na basi la kutoka stesheni hukupeleka hadi karibu na Sanssouci. Tiketi ya kuingia ndani ya kasri ina saa maalumu, kwa hiyo niliinunua kwenye intaneti wiki tatu kabla, nikachagua saa tano asubuhi ili tusikimbizane na treni. Kasri lenyewe, lililojengwa kati ya mwaka 1745 na 1747 kwa ajili ya Mfalme Friedrich wa Pili, ni dogo kuliko mtu anavyowazia anaposikia neno kasri: ghorofa moja tu, juu ya matuta sita ya mizabibu. Uzuri wake wa vuli uko kwenye matuta hayo. Majani ya mizabibu yalikuwa yamegeuka rangi, na ngazi za katikati zikateremka kati yake hadi kwenye bwawa. Ngazi ni nyingi. Tulizishuka mara moja na hatukuzipanda tena, bali tulirudi kwa njia ya pembeni yenye mteremko mpole, nami ninamshauri kila anayesafiri na mzee afanye hivyo hivyo.

Kaburi la mfalme liko kwenye tuta la juu kabisa, bamba la jiwe lililolala chini kando ya makaburi ya mbwa wake, jinsi alivyousia. Alikufa mwaka 1786 lakini alizikwa hapo mwaka 1991 tu, baada ya mwili wake kuhamishwa mahali pengine na pengine. Wageni huweka viazi juu ya jiwe, kwa sababu aliwahimiza wakulima wake wavilime.

Baadaye tulipita mtaa wa Waholanzi wenye nyumba 134 za matofali mekundu zilizojengwa katika karne ya 18, tukanywa kahawa. Nilikuwa nimepanga pia kwenda kuliona kwa nje Neues Palais, lililo mwisho wa bustani na ambalo hufungwa Jumanne, lakini mvua ya manyunyu ilianza na mwanga ukawa unapungua, tukaliacha bila majuto.

Jumatano, 29 Oktoba

Hii ndiyo siku ambayo safari yote iliwekwa kwa ajili yake, na niliiweka katikati ya wiki kwa makusudi, tukiwa tumekwisha kupumzika uchovu wa ndege na bado tukiwa na siku za akiba kama lolote lingeharibika.

Tulikuwa mlangoni mwa makumbusho yalipofunguliwa saa tatu na nusu. Ukumbi wa dinosaria ni wa kwanza baada ya kuingia, na Giraffatitan yuko katikati yake, urefu wa mita 13.27 kutoka sakafuni hadi kichwani. Mifupa hiyo yenye umri wa miaka milioni 150 hivi ilichimbwa Tendaguru kati ya mwaka 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya Maji Maji, na mizigo yenye uzito wa zaidi ya tani 200 ilibebwa na wapagazi kwa vichwa na mabega hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne. Wataalamu wa Kijerumani waliosimamia uchimbaji wanajulikana kwa majina. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na jina lake limehifadhiwa katika jina la dinosaria mwingine wa Tendaguru, Australodocus bohetii, aliyepewa jina hilo mwaka 2007. Mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia, kwa ajili ya Wamwera.

Nilimwambia baba mdogo habari ya jina hilo la mwisho pale pale, chini ya shingo ya yule mnyama, kwa sababu nilikuwa nimemfichia tangu nyumbani. Aliniuliza, "Wamwera sisi?" Nikamjibu ndiyo, sisi. Akanitaka nilitamke tena. Kisha akazunguka mifupa yote mara moja, taratibu, mkono mmoja ukiwa mgongoni kama alivyokuwa akizunguka kati ya madawati, akahesabu kwa sauti ya chini watu wangapi wangehitajika kulibeba fupa la paja peke yake. Alipomaliza hakusema kwamba amefurahi wala kwamba amehuzunika. Alisema kwamba babu yake alikuwa na kovu begani ambalo hakuna aliyewahi kuuliza lilitokana na nini, na kwamba sasa hakuna aliyebaki wa kuulizwa.

Tulikaa humo saa tatu. Nilikuwa nimepanga saa moja na nusu.

Makumbusho yako Invalidenstraße, na barabara hiyo hiyo ukiifuata kuelekea mashariki inakupitisha stesheni ya Nordbahnhof, inapoanzia kumbukumbu ya Ukuta wa Berlin ya Bernauer Straße, yenye urefu wa kilomita 1.4. Tuliiona sehemu yake ya mwanzo tu, kisha tukaendelea hadi Brunnenstraße, nyumba namba 193. Hapo, kati ya mawe ya kawaida ya njia ya waenda kwa miguu, kuna bamba dogo la shaba ya manjano kama dhahabu, sentimita kumi kwa kumi, mojawapo ya maelfu ambayo msanii Gunter Demnig ameyapachika mbele ya nyumba za watu walioangamizwa na utawala wa Wanazi. Linaanza kwa maneno ya Kijerumani yenye maana ya "hapa aliishi", na jina linalofuata ni la mtu wa Dar es Salaam: Mahjub bin Adam Mohamed, ambaye Ujerumani alijulikana kama Bayume Mohamed Husen.

Alizaliwa mwaka 1904. Akiwa mtoto alitumikia jeshi la Wajerumani katika vita vya kwanza, na mwaka 1929 alikuja Berlin kudai mshahara ambao hakuwahi kulipwa, wala hakuupata. Alifanya kazi ya uhudumu wa mezani, aliigiza katika filamu, na alifundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, iliyoko Oranienburg, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944. Baba mdogo aliinama kwa shida, akalifuta bamba kwa leso yake. Tulimsomea Fatiha hapo hapo njiani, watu wakipita na baiskeli zao, tukarudi chumbani kwa treni kwa kuwa goti lilikuwa limevimba.

Alhamisi, 30 Oktoba: Oranienburg

Nilikuwa nimeziweka siku hizi mbili zifuatane ili tulione jiwe kabla ya kambi, yaani tumfahamu mtu kabla ya kufika mahali alipouawa. Asubuhi nilipomwamkia shikamoo baba mdogo nilimwuliza kama tubaki kwa ajili ya goti, akasema hatutamwacha yule kijana nusu njia.

S1 huchukua chini ya saa nzima. Kutoka stesheni ni dakika 20 kwa miguu, nasi tulisubiri basi. Kuingia ni bure. Kambi ilifunguliwa mwaka 1936, na hadi mwaka 1945 watu zaidi ya 200,000 walifungwa humo. Umbo lake ni pembetatu, ili bunduki moja iliyo juu ya mnara wa lango iweze kuona kila upande. Sehemu kubwa ya mabanda haipo tena, na mahali yaliposimama pamewekewa alama ardhini. Ni uwanja mpana usio na kinga, na upepo wa vuli hupita humo bila kuzuiwa na chochote, kwa hiyo makoti, glovu na soksi nzito si vitu vya kuacha chumbani. Tulikaa saa mbili, tukaongea machache, na siku hiyo sikuipangia jambo dogo la jirani.

Ijumaa, 31 Oktoba: Lübbenau

Kwa kuwa ni sikukuu Brandenburg, tulibeba chakula chetu kutoka Berlin. Kuna tiketi ya siku ya jimbo zima ambayo huhudumia hadi watu watano; siku za kazi huanza kutumika saa tatu asubuhi, lakini siku za sikukuu hutumika tangu usiku, na treni ya mkoa ikatufikisha Lübbenau kwa muda wa saa moja hivi.

Huu ni mji wa Spreewald, ambako mto Spree hujigawa kuwa mamia ya vijito kati ya miti. Vibao vya mitaa vimeandikwa kwa lugha mbili, Kijerumani na Kisorbi, lugha ya watu wachache wa asili ya Kislavi ambao hawajaiacha. Kutoka bandarini wageni huchukuliwa kwa mashua bapa, na nahodha husimama nyuma akiisukuma kwa upondo. Katika kijiji cha Lehde, kwenye msimu wa joto, hata barua hupelekwa kwa mashua. Tulipewa blanketi, tukakaa, na maji yaliyojaa majani ya manjano yakaanza kupita kando yetu bila sauti ya injini yoyote.

Baba mdogo hakuyatazama majani. Alimtazama nahodha: jinsi alivyouzamisha upondo, alivyouegemea, alivyouachia uelee kabla ya kuuvuta. Aliniambia kwamba alipokuwa mvulana alikuwa akivushwa hivi hivi kwenye maji ya kina kifupi ya ghuba ya Lindi, upande wa Kitunda, na kwamba huyu bwana anaushika upondo chini mno. Tulipofunga gati alimwomba kwa ishara aushike, naye akampa. Aliupima uzito wake kwa mikono miwili, akasukuma mara moja dhidi ya ukingo, na mashua yenye abiria wote ikasogea.

Tulirudi stesheni saa tisa na nusu. Mwanga ulikuwa bado upo, na treni yetu haikuwa imefika.

"Hamburg ni mwendo gani kutoka hapa?" aliuliza.

Nikatoa ratiba mfukoni, nikaanza kumhesabia.